Mende, Nondo na Siafu: Namna ya Kulinda Kundi la Nyuki Lisihame

Wafugaji wengi wa Tabora, Katavi, Singida na Kigoma wanaujua uchungu huu. Mzinga uliingia nyuki wenyewe, ukazidi uzito mwezi hadi mwezi, na siku ya kurina unafunguliwa hamna nyuki hata mmoja. Kilichobaki ni masega yaliyofumwa utando, funza wanaotambaa na harufu ya asali iliyochacha. Lawama humwangukia nondo au mende kwa sababu ndio waliokutwa ndani. Lakini ukichunguza vizuri utaona kwamba mara nyingi kundi lilikwisha kudhoofika, au lilikwisha kuhama, kabla wadudu hao hawajapata nafasi ya kuzaana. Hilo ndilo ninalotaka mfugaji alishike kuliko yote yatakayofuata: nyuki wetu wanajua kujilinda, na kazi yetu ni kuwaachia nguvu na mazingira ya kufanya hivyo.

Nyuki wa Afrika hawana subira na nyumba mbovu. Wakiandamwa na siafu, wakikosa maji, wakichomwa na jua mchana kutwa au wakirinwa hadi sega la mwisho, hujaza asali tumboni na kuondoka wote pamoja na malkia wao. Tabia hiyo imewasaidia kuishi katika nchi ya ukame, mioto ya porini na nyegere. Kwa mfugaji ni hasara, kwa maana anabaki na masega yasiyo na mlinzi. Kwa hiyo mdudu anayewachosha nyuki hadi wahame ni adui mkubwa kuliko yule anayedokoa asali kidogo.

Kundi lenye nguvu ni lipi? Ni lile ambalo nyuki wake wanafunika masega yao yote. Hesabu ya masega peke yake hudanganya. Mzinga unaweza kuwa na masega kumi na tano lakini nyuki wa kufunika sita tu, na yale tisa yaliyobaki ni shamba la wadudu. Ukikuta hali hiyo, ondoa masega matupu na meusi ya zamani, uyayeyushe upate nta, kisha uwabane nyuki kwa ubao wa kugawia ili wakae katika nafasi wanayoimudu. Kundi likikua, sogeza ubao. Wenye mizinga ya magogo hawawezi kufanya hivyo kwa urahisi, lakini wanaweza kuchagua gogo lisilo kubwa kupita kiasi na kuondoa masega ya zamani kila wanaporina.

Mende mdogo wa mizinga

Huyu ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kahawia iliyokolea inayoelekea weusi, na mzinga ukifunguliwa hukimbilia gizani, kwenye pembe na nyufa. Alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, wafugaji wa huko walipoteza makundi mengi, kwa sababu nyuki wao wa asili ya Ulaya hawakuwa wamezoea kupambana naye. Baadaye alionekana Australia, na mwaka 2014 akafika kusini mwa Italia. Huku kwetu nyuki wameishi naye tangu zamani. Humfukuza hadi pembeni, humzungushia kizuizi cha gundi yao, kisha huweka walinzi asitoke. Kwa hiyo kuona mende watano au kumi ndani ya mzinga uliojaa nyuki si sababu ya kuhangaika, na mtu anayekuuzia dawa kwa ajili yao anakula fedha zako bure.

Hatari ni mayai. Jike hutaga mahali nyuki hawafiki: ndani ya ufa, chini ya uchafu ulioganda sakafuni, au katika masega yaliyoachwa wazi. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na funza wake hula majana (yaani watoto wa nyuki), chavua na asali. Uchafu wanaoutoa huchachusha asali ikatoa povu, ikatiririka na kunuka kama machungwa yaliyooza. Asali hiyo haiuziki, na nyuki wenyewe hawaitaki. Funza wakishiba hutoka mzingani, hudondoka chini na kuchimba udongoni, kwa kawaida sentimita chache tu, na baada ya wiki tatu au nne hivi wanatoka wakiwa mende kamili walio tayari kuruka hadi mzinga mwingine.

Ukiufahamu mzunguko huo, utaona mahali pa kuukatia. Kwanza ni nyufa. Mzinga wa mbao ujengwe kwa mbao zilizokauka vizuri, kwani mbao mbichi hupinda na kuachana baada ya msimu mmoja. Mbao za juu zinazobeba masega, katika mizinga ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuki wa Afrika, hukatwa kwa upana wa milimita 32 ili zikipangwa pamoja zisiache upenyo. Fundi anayekadiria kwa jicho anakuletea matatizo mawili: nyuki watajenga masega yaliyopinda na kushikana, na mende watapata maficho. Nenda na rula dukani kwake kabla hujalipa.

Pili ni usafi wa manzuki. Vipande vya sega, majana na chavua vilivyotupwa chini siku ya kurina huwaita mende kutoka mbali. Beba ndoo yenye mfuniko, na kila kipande kiingie humo, hata kile unachokiona hakina thamani. Masega yaliyorinwa nayo yachujwe siku hiyo au kesho yake. Wapo wanaorina vizuri kabisa, kisha wanaacha ndoo za masega ghalani wiki nzima wakisubiri mnunuzi, na mayai ya mende yaliyokuja na masega hayo yanaanguliwa humo humo.

Tatu ni ardhi iliyo chini ya mzinga. Udongo tifutifu wenye unyevu na kivuli kizito ndio mende anaoupenda. Nyuki wanahitaji kivuli cha mchana, lakini jua la asubuhi likifika chini ya mzinga na ardhi ikawa ngumu na imefyekwa, funza wengi hawafanikiwi. Ukitaka kuwapunguza waliomo ndani, weka kwenye pembe ya mzinga mtego wa kikopo kidogo kilichofunikwa, chenye matundu wanayopita mende lakini si nyuki, na mafuta ya kula kidogo ndani yake. Mende hukimbilia humo wakijificha na kuzama. Usiweke kamwe dawa ya kuulia wadudu ya nyumbani. Hakuna sumu ya dukani inayoua mende ikamwacha nyuki.

Pwani ya Kenya na maeneo mengine yapo pia mende wakubwa weusi, wenye urefu wa karibu sentimita 2, wanaoingia mlangoni na kula majana. Kwao dawa ni mlango mwembamba. Uwazi wa kimo cha milimita 8 unamtosha nyuki, na mende mkubwa anabaki nje.

Nondo wa nta

Watu huchanganya funza wa nondo na funza wa mende, na kosa hilo humfanya mfugaji ahangaikie tatizo lisilokuwapo. Funza wa nondo hufuma utando mweupe na kuacha vichuguu katikati ya sega, na akikomaa huchimba vijishimo kwenye mbao na kujifungia ndani ya vifuko vigumu vilivyopangana. Funza wa mende hafumi utando wowote. Ana vimiiba mgongoni na huacha utelezi. Ukiona utando, ni nondo. Ukiona utelezi na povu, ni mende.

Nondo hupenda masega meusi ambayo majana yalilelewa humo mara nyingi, kwa kuwa anahitaji zaidi ya nta: anakula maganda na mabaki yaliyoachwa ndani ya vyumba vya sega. Sega jipya jeupe halimvutii sana. Kwa hiyo kubadilisha masega ya zamani kidogo kidogo, mawili au matatu kila msimu, kunamnyima chakula. Porini nondo huyu ana faida yake, maana husafisha mapango ya miti yaliyoachwa na nyuki ili kundi jingine lije kuanza upya. Manzukini kazi hiyo ya usafi ni yako. Mzinga uliohamwa usiachwe ukining'inia na masega yake hadi msimu ujao. Ushushe, ukwangue, pitisha moto wa nyasi kavu ndani kwa haraka bila kuunguza mbao, paka nta safi kidogo ya kuvutia kundi jipya, kisha utundike tena.

Masega unayotaka kuyahifadhi yaning'inizwe mahali penye mwanga na upepo, yakiachana. Nondo hustawi gizani na kwenye joto lililotuama. Vile vidonge vyeupe vya kuwekwa kabatini kwenye nguo havifai kabisa, kwa sababu harufu na kemikali yake huingia kwenye nta na baadaye kwenye asali. Lililo bora ni kutohifadhi masega mengi: yachemshe ndani ya kiroba, kamua, uza nta. Nta ina soko lake, na inasikitisha kuona ikiliwa na funza katika nyumba yenye shida ya fedha.

Siafu na sisimizi

Kama ningetakiwa kumtaja adui mmoja anayefukuza makundi mengi kwa usiku mmoja, ningewataja siafu. Wanakuja kwa safu, wanapanda shina au nguzo, na kundi ambalo jana lilikuwa na nguvu leo limehama likaacha majana yake yakiliwa. Hapa nguvu ya kundi haitoshi. Lazima uwakatie njia.

Mzinga uning'inizwe kwa waya, usifungwe moja kwa moja kwenye tawi au shina, na waya upakwe grisi nzito. Grisi hukauka na kushika vumbi, hasa wakati wa kiangazi, na ikishashika vumbi inakuwa daraja. Ipake upya kila unapotembelea manzuki. Mizinga iliyo juu ya vichanja, miguu ya kichanja isimame ndani ya makopo yenye oili chafu au maji, na makopo yafunikwe kwa juu ili nyuki wasitumbukie na mvua isiyajaze. Yote haya yanaharibiwa na jani moja tu. Nyasi ndefu, mtambaa au tawi linalogusa mzinga linatosha kuwa njia ya siafu, kwa hiyo panga na fyekeo vina kazi kubwa manzukini kuliko dawa yoyote. Mwisho wa mvua nyasi huota haraka. Pita kila baada ya wiki mbili katika kipindi hicho.

Nyegere naye hushindwa na waya huo huo. Mzinga unaoning'inia mbali na shina, juu ya kimo cha mtu, humpa taabu kuukamata, na kipande cha bati laini kilichozungushwa shinani humfanya ateleze. Mnyama huyu analindwa na sheria za wanyamapori, na kumtegea sumu kunaua pia fisi, mbwa na ndege wasio na hatia. Keremkerem na mijusi hula nyuki wachache, nao wasikusumbue.

Utitiri, na kwa nini hatuhitaji dawa zake

Utitiri wa varoa ni kidudu bapa chenye rangi nyekundu ya kahawia, kisichozidi upana wa milimita 2, kinachong'ang'ania mwilini mwa nyuki na kuzaana ndani ya vyumba vya majana. Asili yake ni Asia. Uligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1997, na mwaka 2009 watafiti waliuthibitisha Kenya na Tanzania. Ulaya na Marekani kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache, kwa sababu utitiri hubeba virusi vinavyolemaza mabawa ya nyuki wachanga.

Makundi yetu mengi yanao, na yanaendelea kuishi bila tiba. Nyuki wa hapa huugundua ndani ya majana na kuyatoa nje, hujisafisha na kusafishana, na hugawanyika au kuhama mara kwa mara, jambo linalokatisha uzazi wa utitiri. Ukianza kuwapa dawa unayadumisha hata makundi yasiyojua kujisafisha, na kemikali zinabaki ndani ya nta miaka mingi. Wanunuzi wa nje hupima asali kutafuta mabaki hayo. Sifa ya asali ya miyombo ya Tabora na Katavi imejengwa juu ya usafi wake, na mfugaji mmoja anayepaka dawa anaweza kuwaharibia soko wanaushirika wenzake wote.

Kinachofaa ni kuangalia. Utitiri hupenda majana ya madume kuliko ya vibarua. Katika sega, vyumba vya madume ni vikubwa na vifuniko vyake vimebenuka. Fungua vichache kwa kijiti chenye ncha, toa majana, yaweke juu ya karatasi nyeupe na utafute vidoa vyekundu. Ukiona vidudu vingi na pia nyuki wenye mabawa yaliyokunjamana wanatambaa chini ya mzinga, usizalishe makundi mapya kutoka humo. Chagua lililo safi.

Ugonjwa wa kuogopwa kweli ni kuoza kwa majana. Majana yenye afya ni meupe, yanang'aa, na yamejikunja vizuri chini ya chumba. Vifuniko vikiwa vimezama, vina matundu na rangi iliyofifia, chomeka kijiti cha kiberiti ndani na ukivute polepole. Kikitoka na uzi wa kamasi ya kahawia unaovutika zaidi ya sentimita 2, funga mzinga na usiguse mwingine. Vimelea vyake hukaa hai kwenye mbao na masega kwa zaidi ya miaka 30, na mlipuko uliothibitishwa Western Cape, Afrika Kusini, mwaka 2009 ulilazimu mizinga kuchomwa moto. Ndiyo maana mtu asikubali mizinga iliyokwisha kutumika, masega au asali ya kulishia nyuki kutoka nchi nyingine, hata ikiwa ni msaada wa bure.

Sumu za mashambani

Nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, kwa hiyo shamba la jirani ni sehemu ya manzuki yako. Alizeti za Singida na Dodoma, pamba ya Simiyu na Shinyanga, matikiti na nyanya za bondeni, zote zina maua wanayoyafuata na zote hupigwa dawa. Rundo la nyuki waliokufa mlangoni kwa siku moja, wengi wakiwa wametoa ulimi nje, ni dalili ya sumu. Mdudu wa mzingani haui kwa namna hiyo. Zungumza na jirani kabla ya msimu. Mwombe apige dawa jioni nyuki wakisharudi, asipige wakati mimea imechanua, na aepuke dawa za unga, ambazo nyuki huzibeba pamoja na chavua hadi kwenye majana. Mkumbushe pia kwamba alizeti inayotembelewa na nyuki hujaza punje vizuri, kwa hiyo anayewalinda analinda mavuno yake mwenyewe.

Kurina nako kunaweza kuua kundi kuliko mdudu yeyote. Mwenge wa moto huunguza nyuki na kuwasha pori. Tumia bomba la moshi, ulishe nyasi kavu, samadi kavu ya ng'ombe au makumbi ya nazi kwa walio pwani, kamwe si mpira wala plastiki. Rina masega yaliyofunikwa nta. Yenye majana yaache palepale, na uwaachie nyuki akiba ya asali ya kuwavusha kiangazi. Weka maji karibu, kwenye karai lenye mawe au vijiti vya kutua. Na tuachane na mizinga ya magome: kila mmoja unaua mti uliokuwa ukiwalisha nyuki kwa maua.

Ukaguzi usiwe wa kufungua mzinga kila mara, maana hilo nalo huwafukuza. Simama pembeni jioni uangalie mlango. Nyuki wanaoingia na chavua miguuni wanaonyesha kuna majana na malkia anataga. Unga wa nta na vinyesi vyeusi mlangoni, harufu kali, au ukimya usio wa kawaida ndivyo vinavyokutaka ufungue, ukiwa na mavazi ya kinga na mwenzako mmoja, na manzuki iwe mbali na nyumba, shule na njia za watu.

Ukikuta usichokielewa, nenda kwa afisa ufugaji nyuki wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania iliyo karibu nawe. Kenya, uliza kwa afisa mifugo wa kaunti. Kata kipande cha sega chenye majana yaliyoathirika, ukubwa wa kiganja, kifunge kwa karatasi, usikitie kwenye mfuko wa plastiki kwa kuwa kitaota ukungu njiani. Andika tarehe na kijiji. Kisha osha mikono, glavu na kisu chako kabla ya kugusa mzinga mwingine, na uwaambie wafugaji jirani siku hiyo hiyo.